Nilimsaidia Anko Kuchagua Bastola

Wale mmenizoea mnajua huku kwangu ni majani chai, mvua ya saa tisa na vituko vya matatu za Litein. Leo tuongee kitu kingine. Na tafadhali soma mpaka mwisho, juu nusu ya kwanza itakufanya udhani nakuuzia mchuma. Sikuuzii.

Nina mjomba, ndugu ya mama yangu mzazi. Kwa Kikipsigis mjomba anaitwa "mama", lakini nikiandika hivyo mtapotea, kwa hivyo hapa ni Anko. Anko ana duka la mbolea, mabati na misumari kati ya Litein na Sotik. Mwaka juzi mwezi wa Oktoba alivamiwa.

Kama umelelewa huku unajua Oktoba ni nini. Ni bonasi. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwa viwanda vya KTDA wanapata ile pesa ya mwaka mzima, na ghafla kila mtu anakumbuka madeni. Karo inalipwa, mabati yananunuliwa, na wale waliochukua mbolea kwa mkopo wanakuja kulipa, wengi wao kwa pesa taslimu. Wezi nao wana kalenda kama sisi. Anko alikuwa anafunga saa mbili usiku, peke yake, begi kwa bega. Vijana watatu, pikipiki moja, panga moja. Walienda na begi na simu mbili, wakamwachia kidonda cha nyuzi tisa mkononi.

Wiki mbili baadaye akaniita nyumbani. Shangazi akaleta mursik, Anko akangoja atoke, kisha akaniambia: "Wewe unashinda kwa simu kutwa nzima. Nitafutie bastola nzuri. Ya kubeba kila siku, isionekane."

Manze, nilifurahi. Sitawadanganya. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu aliyenichapa nikiwa darasa la nne, ananiuliza mimi ushauri. Nilikuwa na miaka 22. Kwa siku nne sikulala vizuri, nilikuwa YouTube tu.

Nikajifunza. Bastola nyingi za kisasa ni nusu-otomatiki: unavuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, halafu yenyewe inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine kutoka kwa magazini. Kwa mtu anayebeba kila siku, shida kubwa ni saizi. Kubwa ni rahisi kulenga nayo lakini ngumu kuficha. Ndogo inafichika vizuri, lakini inaruka mkononi na inataka mazoezi zaidi. Hapo katikati ndo kuna Glock 19 ya Austria, iliyotoka 1988: milimita 9, risasi 15, kama gramu 600 ikiwa tupu. Ukitaka ndogo zaidi kuna Glock 43 ya 2015 inayobeba risasi sita, au SIG P365 ya 2018 inayobeba kumi. Halafu kuna Ceska. Hiyo unaijua kutoka kwa habari za saa moja. Ceska ni jina la kiwanda, Česká zbrojovka, na bastola yao maarufu ni CZ 75, iliyobuniwa Czechoslovakia mwaka 1975. Chuma kitupu, karibu kilo moja.

Nikamwandikia Anko orodha kwa daftari, na faida na hasara. Glock haina kidude cha usalama pembeni. Usalama wake uko ndani ya kifyatulio chenyewe na sehemu zingine za ndani. Ceska nyingi zinacho, unakipandisha kwa kidole gumba. Nikaandika pia kuhusu holsta: iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, isiwe kile kitambaa cha kulegea cha sokoni. Kuhusu kuficha sikuandika sana. Hapa kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri. Mzee asiyevaa koti ndo atashangaza watu.

Mimi nilipendekeza Glock 19. Anko akasoma, akafunga daftari, akasema anataka Ceska. "Nataka nikiishika nijue nimeshika kitu."

Kuna kitu hakikuwa kwa orodha yangu, na sikukiona juu wale jamaa wote niliokuwa nawatazama walikuwa wanaongea kutoka Marekani. Kule kumiliki bunduki ni haki iliyoandikwa kwa katiba. Hapa si haki, ni ruhusa. Kuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na kuna Bodi ya Leseni za Bunduki. Unatafuta cheti cha tabia njema kutoka DCI. Unaeleza kwa nini unaihitaji. Unapimwa akili na afya, faili yako inapita kwa polisi na kamati za usalama za eneo lako, na lazima uonyeshe unajua kuitumia. Cheti ukikipata kinataja bunduki yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa, na kinaweza kufutwa. Mwaka 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki apigwe msasa upya, hata wale waliokuwa na leseni miaka mingi.

Anko alifuata hatua zote. Ilichukua muda mrefu, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Mafunzo alifanyia mbali. Uwanja unaotajwa sana na watu wa bastola ni ule wa Kirigiti, Kiambu, wa chama cha wamiliki wa bunduki, na kutoka huku kwetu hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Kumbuka hiyo umbali, nitairudia.

Siku aliyorudi na Ceska yake nyumba ilibadilika. Si kwa ubaya. Shangazi aliacha kumngoja dirishani. Na mimi si wale wa kusema bastola kwa raia haina kazi kabisa. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate iliposhambuliwa na watu 67 wakauawa, baadhi ya wale wa kwanza kuingia ndani walikuwa raia wenye leseni na bastola zao. Mmoja wao, Abdul Haji, leo ni seneta wa Garissa. Kuna watu wako hai juu ya hao raia. Ukiniambia hilo halina maana, tutakosana.

Lakini sasa niwaambie ya kwangu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, stoo ya nyuma ya duka. Mimi nilikuwa nimemsumbua Anko wiki tatu. Nilitaka klipu. Sekunde kumi na tano tu, bila uso wake, mkono na Ceska, nyuma majani chai kupitia dirisha, mimi niweke sauti juu. Nilijua itatembea. Alikataa mara nyingi, akaniambia bastola si ya kuonyesha watu. Siku hiyo alikuwa na furaha, mauzo yalikuwa mazuri, akasema haya, lakini kwanza niiondoe risasi.

Sasa soma hapa polepole. Anko alivuta nyuma kile chuma cha juu kinachoteleza. Risasi ikaruka nje, ikadunda sakafuni, tukacheka. Halafu akatoa magazini, akaiweka mezani. Akasema, "Sasa iko tupu." Na mimi niliyeangalia video za siku nne, niliyeandika daftari nzima, nikasema, "Fiti, endelea."

Haikuwa tupu. Alianza na kitu cha pili. Ukivuta ile chuma kabla ya kutoa magazini, risasi ya kwanza inatoka na nyingine inapanda mahali pake. Ungetoa magazini kwanza, ndo uvute, ndo uangalie ndani kwa macho na uguse kwa kidole. Sisi tuliona risasi moja kwa sakafu na tukaamini macho yetu. Alishusha kile kidude cha usalama, akaelekeza kwa ukuta, akavuta kifyatulio ili nirekodi ule mlio mdogo wa chuma.

Kwa chumba kidogo chenye mabati juu, huo si mlio. Masikio yangu yalilia siku mbili. Risasi iliingia kwa gunia la mbolea ya 26:5:5, ile ya chai, ikalala humo ndani. Juu ya hilo gunia, dakika mbili kabla, binti yake wa miaka sita alikuwa amekaa akila mahindi. Alikuwa ametumwa jikoni kuleta chai. Alirudi na vikombe viwili mkononi, akasimama mlangoni, akauliza ni nini kimeanguka.

Hakuna aliyemjibu.

Majirani walifika haraka kuliko nilivyofikiria. Fundi wa baiskeli, mama wa mboga, vijana wa boda wanne, mmoja na rungu. Walidhani Anko amevamiwa tena. Walipoona ni mzima walisimama tu pale nje kwa mvua, hawakuondoka. Nakumbuka nikijiuliza mbona ile usiku ya Oktoba hawa hawakuja. Baadaye Anko mwenyewe alinijibu bila kuulizwa. Hawakuja juu hakuna aliyejua yuko pale. Alikuwa anangoja wote wafunge waende, ndo ahesabu pesa, watu wasione ni ngapi. Hata nduru hakupiga.

Jioni hiyo hiyo alienda kituoni mwenyewe, akaeleza kila kitu, akaandikisha taarifa. Mimi nikaandikisha yangu. Bastola ilibaki huko kwa muda mrefu. Yeye alikubali kosa lote. Kwa ile taarifa yake hakunitaja kama niliyemsumbua. Mimi ndo nilijitaja.

Kwa hivyo msee akiniuliza leo "bastola gani poa ya kubeba kila siku," swali sioni ni baya, lakini najua ni la mwisho kwa orodha, na mimi nilianza nalo. Glock au Ceska, risasi sita au kumi na tano, hayo yote yangeishia kwa lile gunia. Tofauti ilikuwa mtu aliyeishika, na kijana wa simu aliyesimama kando yake akisema endelea.

Yale ya kuanza nayo ni ya kuchosha na hayana video nzuri. Usiku inalala wapi, na nani ana funguo? Nyumbani kuna mtoto? Wewe unakunywa? Kama unakunywa, utaacha, ama utaiacha? Ukigombana na makanga stejini, ambaye amekutukana mbele ya watu, utameza hiyo tusi na uende? Juu ukiwa umeibeba lazima umeze, kila siku, maisha yako yote. Na uwanja wa mazoezi uko kilomita ngapi? Zile 200 nilizosema mwanzo, Anko alikuwa amezisafiri mara ngapi tangu apate cheti? Mara moja. Alikuwa anabeba kitu kila siku ambacho mikono yake ilikuwa imekizoea siku chache tu. Hiyo ndo shida yenyewe, na hakuna saizi ya bastola inayoitatua.

Na swali moja tuliruka wote wawili: yule mwizi alikuja kutafuta nini? Begi la pesa. Siku hizi Anko ana till ya M-Pesa mlangoni, maandishi makubwa, na wakati wa bonasi hapokei taslimu ya deni baada ya saa kumi. Anafunga saa kumi na mbili, wakati mmoja na fundi wa baiskeli na mama wa mboga, wanatembea pamoja mpaka kwa lami. Hiyo ilimgharimu chini ya bei ya holsta.

Bastola alirudishiwa. Hakuiuza, na sitamlaumu. Iko kwa sefu iliyofungwa kwa sakafu ya saruji. Anaenda kufanya mazoezi sasa kwa ratiba, anapanda matatu ya alfajiri mpaka Nairobi, na kabla ya kuigusa anasema hatua zake kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: magazini, vuta, angalia, gusa. Kila bunduki ina risasi mpaka ujihakikishie. Hata ukihakikisha, usiielekeze kwa kitu usichotaka kuharibu. Kidole kiwe mbali na kifyatulio. Jua kilicho nyuma ya unachokilenga.

Mimi sijaomba leseni na sina mpango. Nikijiangalia vizuri, sikuwa nataka ulinzi. Nilikuwa nataka kuonekana.

Ile klipu bado iko kwa simu yangu. Sekunde kumi na moja. Inaanza na Anko akicheka, inaisha na simu ikianguka. Sijaipandisha mahali popote na sitaipandisha. Naiangalia kila nikisikia mkono unaniwasha kutafuta views za haraka.

Haya. Oktoba inakuja. Mwambie mzee wako afunge duka mapema.