SEHEMU YA 6: KISUFURIA CHA MAMA

Tangu sehemu iliyopita swali linaloongoza kwenye ujumbe wenu ni hili: "Nesi, nina mgonjwa wa sukari nyumbani, nimpikie nini?" Nilianza kuwaandikia orodha ya vyakula, nikaifuta. Orodha hiyo nilishaitumia nyumbani kwangu mwenyewe, na tukapoteza kidole cha mguu. Leo niwasimulie. Mama mwenyewe kaniruhusu, kasema, "Waambie, wasije wakarudia."

Miaka mitatu iliyopita mama mkwe wangu alihamia kwetu hapa Morogoro, baada ya kugundulika ana kisukari aina ya pili. Mimi nilijiamini sana. Nesi yuko ndani ya nyumba, atakosa nini? Siku ya pili tu nikaenda sokoni, nikanunua kisufuria kidogo na mfuniko wake. Hicho ndo kikawa cha mama. Ugali wa dona, mchicha wa kuchemsha bila mafuta wala chumvi, kipande cha samaki cha kuchemsha. Sisi tunakula wali na maharage ya nazi, yeye na kisufuria chake. Na kwa kuwa chakula chake kiliiva mapema, alikuwa anakula saa kumi na mbili jioni, peke yake, jikoni. Sukari nikaificha juu ya kabati, nyuma ya mabakuli ya wageni.

Jamani, nilidhani huo ndo upendo.

Sasa cha ajabu, sukari haishuki. Asubuhi kabla hajala napima, 13. Kesho yake 15. Wagonjwa wengi tunawawekea lengo la kati ya 4 na 7 kabla ya kula, kwa hiyo hapo tulikuwa mbali kabisa. Nikaanza kumhoji kama polisi. "Mama, umekula nini?" Ananijibu taratibu, "Nimekula ulichonipikia, mwanangu."

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nafika nyumbani mama hayupo. Junior akaniambia, "Bibi yuko kwa jirani, huwa anaenda kila siku." Nikaenda. Nikamkuta chini ya mwembe na wanawake wenzake, sinia la chapati katikati, chai ya maziwa ya sukari mkononi, anacheka mpaka machozi. Tangu aje kwangu sijawahi kumwona anacheka vile.

Nilinyamaza mpaka tukafika nyumbani, ndo nikaanza kusema. Nilisema sana, nisiwafiche. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama Junior, njaa mimi sina. Kule nakula na watu. Hapa kwako nakula kama mtu aliyetengwa."

Nilikosa jibu. Nikainamisha macho, na hapo ndo nikaona kandambili yake ina doa jeusi upande wa kidole kidogo. Nikamwambia avue. Kulikuwa na kidonda, kimefungwa kitambaa, na harufu ilishaanza. Msumari ulitoboa kandambili ukaingia mguuni, yeye hakusikia kitu. Alikuja kuona damu usiku. Siku tisa alikuwa anakificha, kwa sababu aliogopa nitamgombeza kama ninavyomgombeza kuhusu chakula.

Mimi huyu ndiye ninayesimama kliniki kila wiki kuwafundisha watu wakague miguu. Wa nyumbani kwangu sikuwahi kuugusa mguu wake.

Niwaeleze kwa nini hakusikia. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni, kwa hiyo maumivu yanayotakiwa kumshtua mtu hayafiki. Inaharibu pia mishipa ya damu, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na wadudu wanapata nafasi. Ndo maana kidonda kidogo kwa mgonjwa wa sukari ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, usiweke majani wala dawa ya meno. Sisi tulichelewa. Kidole kidogo kilikatwa, na kusafisha kidonda kulichukua miezi mitatu.

Aliporudi kutoka hospitali, kisufuria nikakitoa. Sasa hivi kinachemshia mayai.

Tunapika sufuria moja kwa wote, na wote tunakula saa moja mezani. Kilichobadilika ni sahani zetu. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, chochote cha msimu. Robo ni maharage, dagaa, samaki, yai au kuku. Robo iliyobaki ndo ugali, wali au ndizi. Mboga naziunga na mafuta kidogo, kitunguu na nyanya, chumvi ya kuonja tu, zinalika vizuri. Kuhusu dona, ni nzuri kuliko sembe kwa sababu ina pumba zake, lakini dona nayo ni wanga. Ukila mlima wa dona, sukari itapanda tu. Kwetu ugali wa mama ni saizi ya ngumi yake. Siku ya pilau anakula pilau, kiasi kidogo, na kachumbari nyingi.

Chai tunakunywa ya tangawizi na hiliki bila sukari, wote. Junior alilalamika wiki mbili, akazoea. Asali na sukari guru msidanganyike, mwilini ni sukari vilevile. Matunda mama anakula, chungwa moja au kipande cha papai, ila juisi hapana, kwa sababu glasi moja inameza machungwa matatu au manne na nyuzinyuzi zimeachwa kwenye chujio.

Kuna waliosema nawatesa wazima kwa ajili ya mgonjwa. Mama zangu, mume wangu ni mtoto wa mwenye kisukari, na Junior ni mjukuu. Aina ya pili inatembea kwenye familia. Hiyo sahani ni ya kwao pia.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana nilikosea tena. Tulivyobadili chakula, sikurudi kliniki kuwaambia. Dozi ya vidonge ikabaki ile ile ya wakati sukari iko juu. Jioni moja gesi ikaisha, chakula kikachelewa, mama alishameza dawa. Junior akaja mbio, "Mama, bibi anatetemeka na anaongea mambo hayaeleweki." Jasho jingi, mikono ya baridi. Napima, 3.1. Sukari imeshuka mno, na hiyo inaua haraka kuliko iliyopanda. Nakimbilia sukari, kumbe bado iko juu ya kabati nilikoificha! Nilivunja bakuli mbili kuifikia.

Kumbukeni hivi. Ikiwa chini ya 4 na mgonjwa anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Huna mashine lakini dalili unaziona? Mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Kama amepoteza fahamu usimwekee kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, kimbia hospitali. Na ukibadili ulaji wa mgonjwa wako, waambie kliniki. Dozi wanapunguza wao, usipunguze mwenyewe.

Leo hii kopo dogo la sukari liko pembeni ya kitanda cha mama, na watoto wote wanajua ni la nini.

Miguu ni kazi ya Junior. Kila siku baada ya kula anakaa chini na tochi ya simu, anaangalia nyayo, visigino na katikati ya vidole: kidonda, malengelenge, wekundu, mpasuko. Akiona kitu ananiita. Kisha miguu inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, mimi ndo napima kwa kiwiko, maana mama anaweza kuungua asijue. Tunakausha vizuri katikati ya vidole, tunapaka mafuta juu na chini ila si katikati ya vidole. Kandambili tulitupa, anavaa viatu vya kufunika, na kabla ya kuvaa anavikung'uta. Pekupeku hapana, hata ndani.

Asubuhi ya leo alipima 6.4. Kaiandika mwenyewe kwenye daftari, akaenda kwa jirani na viatu vyake. Siku hizi jirani naye chai anaweka ya tangawizi pembeni kwa ajili yake. Wala sikumwomba.

Kwa hiyo ukiniuliza umpikie nini, nitakuuliza kwanza anakula na nani. Na leo usiku kabla hamjalala, mvue mama au baba viatu, uangalie nyayo zake kwa macho yako. Ukikuta kidonda, hata kidogo, kesho asubuhi na mapema muwe kituo cha afya, na kama kinanuka au mguu umevimba, nendeni usiku huu huu.

Sehemu ya 7 nitaongelea mjamzito anayeambiwa ana sukari, maana hilo nalo limejaa kwenye maswali yenu. Usiku mwema.