Koti Nililonunua kwa Picha

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Mimi nimewahi, tena sikuuziwa sokoni wala kando ya barabara. Niliuziwa kwenye simu, nikiwa nimeketi jikoni mwangu hapa Kikima nikingoja maharagwe yaive. Mbuzi mwenyewe alikuwa koti la mtumba, rangi ya samawati nzito, na nilikuwa nikimnunulia mama yangu mzazi.

Wewe unayesoma haya ukiwa Mombasa au Kisumu huenda ukashangaa koti ni la nini Ukambani. Wengi hudhani Makueni nzima ni jua, vumbi na mibuyu. Njoo huku milima ya Mbooni mwezi wa Julai! Ukungu hushuka asubuhi hata usimwone ng'ombe wa jirani, na wazee huketi karibu na moto mpaka saa nne. Mama yangu amepita umri wa miaka sabini na mitano. Koti alilokuwa nalo alilinunua Machakos zamani, kabla ya 1992, wakati sisi wa Makueni tulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos. Mikono yake ilikuwa imelika hadi ikawa kama kichana.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikwenda sokoni? Naam, swali zuri, maana kununua mtumba sokoni ni kazi ninayoijua tangu utotoni. Muuzaji akimwaga nguo juu ya turubai, mimi hushika kwanza kola, kwa sababu kola ndiyo husema ukweli kuhusu aliyevaa. Kisha naigeuza nguo ndani nje. Natazama kwapani, navuta mishono, napandisha na kushusha zipu mara tatu, naiinua juu ili jua lipite, maana tundu dogo halionekani ila kwa mwangaza unaotoka nyuma. Mwisho nanusa. (Mifuko pia huipekua. Siku moja nilipata sarafu ya ng'ambo, mwanangu akaitwaa na hadi leo hajanirudishia.) Nikimaliza ukaguzi huo ndipo tunaanza kuvutana bei, na kila doa nililoliona linapunguza shilingi kadhaa.

Lakini mwezi wa Julai makoti mazito hugombewa hapa kama maji wakati wa kiangazi, na mama ni mrefu. Kila nililolipata lilikoma kwenye viwiko. Ndipo mwenzangu kazini akanionyesha ukurasa wa muuzaji mmoja wa Nairobi. Biashara ya namna hii si ngeni. Ilishamiri hasa mwaka wa 2020, wakati wa Korona, pale watu walipoogopa misongamano ya soko, na serikali yenyewe ikapiga marufuku uagizaji wa mitumba tangu Machi hadi ilipouruhusu tena mwezi wa Agosti. Wauzaji wengi walijifunza kupiga picha na kuuza bila kuonana na mnunuzi.

Picha ya koti langu ilipendeza kweli. Lilitundikwa kwenye ukuta mweupe, vifungo vyote sita vimefungwa, mkono wa kushoto umekunjwa kwa madaha kuelekea kiunoni. Chini yake kuliandikwa kwamba ni "kamera". Ikiwa hujui, hilo ndilo jina wanaloipa nguo bora inayochaguliwa mwanzo robota linapofunguliwa. Inayobaki mwisho, iliyochakaa na kuchanika, huitwa "fagia". Nilimwuliza muuzaji kama lina kasoro. Akajibu upesi, "Halina kasoro hata moja, mrembo." Nikatuma shilingi 1,800 kwa M-Pesa, na 300 za kusafirisha mzigo. Ulipe kwanza ndipo utumiwe, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake.

Jioni hiyo nilivuka bonde nikamwambia mama, "Mwaitu, nimekununulia koti jipya la dukani."

Kwa nini nilisema dukani? Sijui kama nitaweza kukueleza ukanielewa. Mama alitusomesha kwa kahawa iliyolipwa kwa kuchelewa na kwa vyondo alivyosuka usiku. Sisi tulivaa sare mpya za shule, yeye akavaa nguo zilizotupwa na watu asiowajua. Nilitaka aamini kwamba angalau mara moja amevaa kitu ambacho hakikuvaliwa na mwingine. Uwongo mdogo, nikajiambia.

Mzigo ulifika siku ya tatu. Nilipokuwa stejini niliuchungulia tu, nikaona rangi ni ile ile, nikafurahi. Usiku nikalitandaza koti mezani chini ya taa. Ole wangu! Kwapa la kushoto lilikuwa limetobolewa na nondo, matundu matano. Bitana ilikuwa imeachana na mshono kutoka begani hadi chini. Mgongoni, chini kidogo ya kola, kulikuwa na tundu lingine la ukubwa wa punje ya mahindi. Hapo ndipo nilipokumbuka ule mkono wa kushoto uliokunjwa kwa madaha. Haikuwa madaha. Aliyepiga picha ile alijua hasa anachokificha.

Nilimwandikia papo hapo, tena kwa hasira. Akajibu kwamba mtumba ukishauzwa haurudishwi, na kwamba sikulazimishwa kununua. Sikuwa tena mrembo, sasa nilikuwa "madam". Nilipoandika mara ya pili, ujumbe haukufika. Alikuwa amenifungia.

Msomaji wangu, sikulala. Nilijua kwamba sheria iko upande wangu. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tena ile sheria ya zamani ya uuzaji wa bidhaa inasema kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo hayo. Kuna hata Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Yote hayo ni mazuri. Lakini nani atapanda matatu kutoka Kikima, apoteze siku mbili za kazi, kwa ajili ya shilingi 1,800? Wauzaji wa aina hii wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Nikafikiria kumwanika. Nilikuwa na picha yake, jina lake na nambari yake, na katika simu yangu nina vikundi vitatu vya kina mama, pamoja na chama chetu. Nilikuwa nimeshaandika maneno makali. Mwizi, laana, na mengine ambayo mhariri hatayachapisha. Kilichonizuia si wema. Niliwaza tu kwamba nikishamwaibisha, hatakuwa na sababu yoyote ya kunirudishia pesa.

Asubuhi nililipeleka koti nje juani, nikapiga picha tatu za matundu, nikazipanga pamoja na maneno yake mwenyewe, "halina kasoro hata moja", na ujumbe wa malipo. Nikatuma kwa simu ya binti yangu. Sikutukana. Niliandika kwamba nalibaki na koti, na nataka nusu ya bei, shilingi 900, kabla ya mwisho wa mwezi.

Alinipigia baada ya saa moja. Nilitarajia sauti ya mjanja wa mjini, nikasikia sauti ya msichana. Akaniambia alinunua robota la makoti Gikomba, kilo 45, likiwa limefungwa. Robota huwezi kulifungua kabla ya kulipa, na ukishalifungua ni lako, liwe kamera au liwe fagia. Yake ilikuwa nusu fagia, na pesa zilikuwa za mkopo. Nikamwuliza kama aliyaona matundu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliyaona, mama. Nilidhani hutayaona haraka."

Nilimhurumia, lakini sikukubali, na hata leo sikubali. Yeye naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia, kweli. Lakini hasara yake ni kati yake na aliyemwuzia robota, haistahili kuvuka milima ije kumpiga baridi mwanamke mzee ambaye hakuwapo kwenye biashara yao. Angeniambia, "Koti lina matundu kwapani, chukua kwa 1,000," ningelichukua kwa furaha, nikampelekea fundi. Sokoni mimi huona kwa macho yangu. Kwenye simu macho yangu ni maneno ya muuzaji, na yakiwa ya uwongo mimi ni kipofu. Tulikubaliana 900. Alituma 500 siku ile, na baada ya siku kumi na mbili akatuma 400 bila kukumbushwa.

Tangu hapo ninaponunua kwa simu naomba picha ya nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, picha ya kola, picha ya kwapa zote mbili, na moja ikiwa imeinuliwa kwenye mwangaza. Naomba ipimwe kwa utepe kutoka kwapa hadi kwapa na kutoka bega hadi kifundo cha mkono, maana nambari ya saizi ya ng'ambo haina maana kwa mwili wa Mkamba. Naomba kulipa mzigo ukifika. Akikataa hayo yote, namwaga. Mmoja aliniuliza kama naoa.

Lakini nirudi kwa mama, maana baridi haikungoja mazungumzo yetu. Nilimpelekea koti fundi mmoja wa hapa sokoni. Akalipunguza upindo, akatoa kitambaa cha kuzibia kwapa kwa ndani, akaishona bitana. Alidai shilingi 250. Lile tundu la mgongoni hakuliweza, kitambaa kilikuwa kimekwisha. "Nani atatazama huko?" akasema. Nikampelekea mama, nikarudia kusema kwamba limetoka dukani. Alilivaa papo hapo, akalifunga vifungo vyote sita, na Jumapili akaenda nalo kanisani akitembea katikati ya njia.

Siku moja baada ya zile 400 kufika nilikwenda kumwona. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mgongoni, chini ya kola, tundu lilikuwa limezibwa kwa uzi wa kahawia, mishono midogo midogo ya mtu asiyeona vizuri, kama mdudu aliyetua juu ya samawati.

"Mwaitu, ni nani ameshona hapa?"

"Ni mimi. Hao wa dukani walikuibia, mwana wakwa. Niliona tundu siku ile ile uliyolileta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote, picha, muuzaji, robota, fundi, na kwamba hapakuwa na duka lolote. Nilieleza nikitazama moto. Nilipomaliza alikuwa akicheka, mkono mdomoni, kama afanyavyo asiponitaka nione mapengo.

"Harufu ya mtumba naijua tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Akachochea kuni. Kisha akauliza msichana yule alirudisha pesa ngapi. Nikamwambia mia tisa.

"Na koti ni la nani?"

"Ni lako, Mwaitu."

Akanyosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu, akangoja. Nilifungua mkoba.