Dakika ishirini za magharibi pale Forodhani

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe, Unguja, tulilelewa na amri moja: jua likizama, mtoto awe ndani. Magharibi ni saa ya majini, tukiambiwa, na mama yangu aliita jina mara moja tu. Nami niliwalea wanangu hivyo hivyo. Ndipo mwaka 2019 binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 13, akaniomba simu na ruhusa. Alitaka kuipiga picha Beit-al-Ajaib, tena magharibi hasa.

Bibi yake hakupendezwa. "Jengo lipo pale mchana kutwa. Kwa nini magharibi?"

Mtoto alikuwa na hoja. Ukilipiga picha mchana, jumba lile jeupe linang'aa kupita kiasi na mbingu inaonekana imepauka. Usiku mbingu ni nyeusi tii, na juu ya jengo huoni kitu. Katikati upo muda mfupi ambapo mbingu inakuwa buluu iliyokolea, na mwanga wake unakaribiana na wa taa. Hapo simu inaweza kuvishika vyote viwili: mbingu na taa, roshani na nguzo.

Buluu ile ina sababu yake. Jua likishazama, mwanga wake unatufikia kwa kupita safari ndefu katika hewa ya juu, na huko gesi ya ozoni hunyonya rangi za manjano na machungwa. Inayobaki zaidi ni buluu. Kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu wima, kwa hiyo giza huingia baada ya dakika ishirini na kitu. Nchi za kaskazini kama Sweden, wakati wa kiangazi, huwa na zaidi ya saa nzima. Sisi hatuna nafasi ya kuzubaa.

Tukakubaliana: sala kwanza katika msikiti wa jirani, picha baadaye. Mpango ukatufaa kuliko tulivyodhani, maana ukitoka msikitini, kama dakika kumi baada ya jua kuzama, buluu ndiyo kwanza inaanza kukolea. Wekundu ukishapotea kabisa magharibi, Isha imeingia na picha zimekwisha.

Tulikwenda Jumamosi nne. Binti alijifunza kuiegemeza simu juu ya ukuta wa Forodhani badala ya kuishika mkononi, kwa sababu kwenye mwanga hafifu mkono ukitikisika kidogo tu picha inafifia. Alizima flashi, ambayo haiwezi kufika ng'ambo ya barabara. Aligusa kioo penye taa, akashusha mwangaza mpaka taa ikaacha kuwa doa jeupe. Kisha akaweka saa ya sekunde tatu, ili kidole chake kisiitingishe simu.

Jumamosi ya nne Bibi alikuja, akasema anafuata mishikaki tu. Mjukuu akamketisha ukutani, jengo likiwa nyuma yake.

"Bibi, usitikisike."

"Nikitikisika nitakuwa jini?"

Alitikisika kwa kucheka. Kanga yake imetoka kama moshi, lakini uso umetulia, na nyuma yake mnara wa saa umesimama wima.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit-al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara ule. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likapona mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, liliangukia mbele ya macho ya mji, mchana.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Mnara haukumbuki. Siku moja aliiona picha akauliza, "Bibi, lile jengo lilikuwa na saa?" Bibi akaichukua simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kumwonesha: hapa roshani, hapa saa, hii ndiyo nyumba ya kwanza Unguja kuwa na umeme. Walikaa hapo mpaka chai ikapoa. Picha nzuri za jengo lile zipo nyingi, na wapigaji wake ni hodari kuliko binti yangu. Hii ndiyo pekee ambayo mtoto yule anamjua aliyeketi mbele yake.

Wazazi wenzangu, kila mji una jengo tunalolipita bila kuliangalia: boma, kituo cha treni, msikiti wa zamani, kanisa la mlimani. Jumamosi hii mwulizeni mtoto alichague. Fikeni kabla jua halijazama, tafuteni ukuta wa kuegemezea simu, na mtu mzima wa nyumbani aketi mbele. Akicheka, mwacheni acheke.