Jina la Mezani na Jina la Nyumbani



Ndugu wasomaji na wazazi wenzetu, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, wakati wa likizo ndefu. Lilianza kama mzaha wa watoto, likaishia kutufundisha sisi wakubwa.

Mpwa wetu wa miaka 17 alikuja kutoka Kanada kututembelea. Katika begi lake alikuwa na mchezo ambao hatukuwahi kuuona. Watu hukaa kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki hubuni mhusika wake, awe shujaa, mpiga upinde au mpelelezi. Msimulizi hueleza mapango, majumba na maadui, nao wachezaji husema wahusika wao watafanya nini. Hadithi moja inaweza kuchukua wiki nyingi. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson.

Tunajua msomaji ataanza kuuliza maswali, nasi tuliyauliza. Mchezo wa asili una dadu, una uchawi na una miungu ya kubuni. Tulimwita mpwa wetu tukazungumza naye kwa upole. Miungu na uchawi vikaondolewa. Dadu nazo tuliziacha kwa sababu ya Hadithi zinazokataza mchezo wa nardi. Badala yake, anayetaka kuvunja mlango au kuruka shimo huulizwa swali la hesabu, la sira au kitendawili. Akijibu sawasawa, amefaulu. Mpwa wetu alikubali bila kinyongo, na mchezo ukaisha tu pale adhana iliposikika.

Siku ya kwanza kazi ilikuwa kuandika majina ya wahusika, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Binti yetu mkubwa alibuni jina lenye herufi nyingi na alama za mkato katikati, ambalo hata yeye mwenyewe alilitamka kwa namna tatu tofauti. Mtoto wa jirani akajiita Legolas, jina alilolitoa katika filamu zilizotokana na kitabu cha Tolkien, The Lord of the Rings. Mpwa wetu akacheka akasema kila meza duniani ina Legolas wake. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 8, akamwita shujaa wake Mzee Chapati.

Mwanzoni tulicheka sana. Msimulizi anakaza sauti: mlango wa chuma unafunguka, moshi umetanda, mlinzi anauliza ni nani aliyethubutu kuingia. Kitinda mimba anajibu, "Mimi, Mzee Chapati!" Nyumba nzima inaangua kicheko. Mara ya pili tukacheka kidogo. Mara ya sita binti yetu alikuwa amekunja uso, kwa sababu kila hadithi ilipofikia mahali pa kutisha au pa huzuni, chapati iliingia na kuiharibu. Mpwa wetu alitueleza kwamba hilo ni lalamiko la zamani la wachezaji. Jina la mzaha huchekesha jioni moja, lakini hadithi inaendelea kwa miezi, na wenzako wanalazimika kulibeba pamoja nawe.

Hata hivyo alitueleza pia kwamba waanzilishi wenyewe hawakuwa na majina mazito. Gygax alikuwa na mhusika aitwaye Yrag, yaani Gary kwa kinyumenyume. Rafiki yao Jim Ward aligeuza jina lake lote likawa Drawmij. Ernie, mtoto wa Gygax, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuujaribu mchezo ule. Mhusika wake aliitwa Tenser, ambazo ni herufi za Ernest zilizochanganywa. Mtoto mwingine, Luke, alikuwa na mhusika aitwaye Melf. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na karatasi yake tu, iliyokuwa na herufi M, kuonyesha mwanamume, na neno elf, aina ya viumbe wa hadithi. Majina hayo ya haraka haraka yaliingia katika vitabu vya mchezo, na leo wachezaji huyatamka kwa heshima kama ya mababu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mtoto wetu wa kati, kijana wa miaka 11, alikaa kimya muda wote huo. Tulipochungulia karatasi yake tukaona ameandika: Konokono.

Tayari tulikuwa tumechoshwa na Mzee Chapati. Tukamwambia kwa ukali kidogo, "Na wewe? Futa hilo, weka jina la maana."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Hata nikiandika lingine, si mtaniita hili hili?"

Hakuna aliyecheka.

Wazazi wenzetu, jina lile tulilianzisha sisi. Mtoto huyu hafanyi jambo kwa pupa. Alipokuwa na miaka 5 alikuwa akichelewa kuvaa viatu vya kwendea madrasa, nasi tukisimama mlangoni tukimwita, "Haya konokono, twende!" Tulilisema kwa mapenzi. Dada yake akalichukua, kisha mdogo wake, kisha watoto wa madrasa, mwisho likafika uwanjani wanakochezea mpira. Yeye alikuwa akitabasamu, nasi tukadhani amelipenda. Kwa miaka 6 hatukumuuliza hata siku moja.

Tena mtoto huyo tulimfanyia akika siku ya saba, tukachinja, tukaalika majirani na kumpa jina la babu yake, mtu aliyeheshimiwa mtaani. Tulitafuta jina zuri kwa juhudi, kisha tukaliweka kabatini na kumvisha jina la mdudu.

Usiku ule baada ya swala ya Isha tulikaa tukakumbushana yale tunayoyajua lakini hatukuyafanyia kazi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (S.W.) ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Aasiya, maana yake muasi, akamwita Jamila. Lakini tukakumbuka pia kisa cha Sayyidna Ali (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimkuta amelala msikitini, mgongo wake umejaa vumbi, akamwita Abu Turab, yaani baba wa udongo. Sayyidna Ali alilipenda jina hilo kuliko majina yake mengine.

Kumbe si kila jina la utani ni baya. Abu Turab lilitoka katika upole, na aliyepewa alilifurahia. La kwetu nalo lilitoka mdomoni kwa mapenzi, lakini likatua moyoni mwa mtoto kwa namna nyingine. Kipimo si nia ya anayeita peke yake. Tulipaswa kumtazama anayeitwa.

Tulimwita mtoto tukamuomba radhi. Hatukujitetea kwamba tulikuwa tunatania. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haidhuru." Lakini tuliona macho yake, tukajua ilikuwa imedhuru sana.

Tukatangaza nyumbani kwamba kuanzia siku ile ataitwa kwa jina lake, na atakayekosea ataosha vyombo vya chakula cha usiku. Ulimi uliozoea hauachi upesi. Wiki ya kwanza baba mwenye nyumba aliosha vyombo siku nne. Tulizungumza pia na ustadh wa madrasa, naye akawasomesha watoto wote somo la majina bila kumtaja yeyote. Uwanjani bado wapo wanaomwita vile. Hatuwezi kulifuta kila mahali, na hilo ni funzo jingine kwetu: jina dogo ni rahisi kulitoa na ni gumu kulirudisha.

Na kule mezani? Siku iliyofuata mpwa wetu alimpa ufutio akamwambia aandike jina lolote analotaka. Akaushika kwa muda, kisha akasema ataamua baadaye. Siku hiyo mashujaa waliingia kwenye njia nyembamba ya chini ya ardhi. Wenzake walitaka kukimbia wamuwahi adui. Yeye akasema, "Mimi natangulia, nagonga sakafu kwa mkuki kila hatua." Msimulizi akamuuliza 17 mara 6 ni ngapi. Wadogo na wakubwa wakapiga kelele wakibahatisha. Yeye akahesabu polepole, akajibu 102. Mkuki ukagusa ubao uliooza, na chini yake kulikuwa na shimo refu. Mzee Chapati, Legolas na yule mwenye jina lisilotamkika wangetumbukia wote.

Basi wakashangilia, "Konokono katuokoa!" Mara hii aliinua kichwa, akacheka kwa sauti. Ufutio akaurudisha mezani bila kuutumia. Tulipomuuliza, alisema, "Huyu ni wangu, nimemwita mwenyewe. Lakini ni wa mezani tu."

Tumeliheshimu sharti lake. Mpwa wetu amesharudi Kanada, na watoto wanaendelea na hadithi, binti yetu akiwa msimulizi. Mezani yuko Konokono mwenye mkuki. Mchezo ukikunjwa, yuko mwanetu mwenye jina la babu yake.

Nasaha yetu ni fupi. Wacheni watoto wacheze na wabuni majina ya kuchekesha, maana kicheko cha halali ni neema. Ila leo usiku mkiwa kwenye chakula, mwangalieni yule mnayemwita kwa jina la utani. Muulizeni kama analipenda, na mkimuuliza, mpeni nafasi ya kujibu hapana.

Allah (S.W.) atusamehe tuliyokosea kwa watoto wetu, na awajaalie wayabebe majina yao kwa kheri duniani na Akhera. Aamin.