Siku Tatu za Mwisho Dar es Salaam

Mtu akienda matembezi mbali, siku za kwanza hupita kwa kushangaa. Siku za mwisho ni za kuangalia kwa makini. Ndipo mtu hujiuliza: Nitarudi nyumbani na nini?

Mimi na mke wangu ni wakulima wa mpunga. Tunakaa Madibira, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, tulikwenda Dar es Salaam kumtembelea kaka yangu anayekaa Temeke. Tulikaa wiki mbili. Hapa nitaeleza habari za siku tatu za mwisho.

Kwanza tulitenga nauli. Tulikata tiketi ya basi mapema. Fedha za kutoka Mafinga hadi Madibira mke wangu alizifunga katika pindo la kanga yake. Mjini vitu vya kununua havina mwisho. Asiyetenga nauli huishia kuwakopa wenyeji wake, na deni la namna hiyo huharibu undugu.

JUMAPILI: BAHARINI

Julai ni wakati wa kipupwe huko Pwani. Jua huwaka vizuri, lakini upepo wa kusi hupunguza joto. Tulipanda pantoni pale Magogoni, tukavuka hadi Kigamboni. Tuliona meli kubwa zikiingia bandarini. Mlango wa bandari ni mwembamba, na ndani maji yametulia. Sultani Majid wa Zanzibar alipaona mahali hapo panafaa, akaanza kujenga mji katika miaka ya 1860.

Asubuhi maji ya bahari yalikuwa mbali. Watu walitembea juu ya mchanga. Alasiri maji yalikuwa yamerudi na kufunika mahali pale pote. Wenyeji walitueleza kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa zaidi na hupwa zaidi. Wakati huo huitwa bamvua. Basi mgeni kutoka bara asiingie baharini kabla ya kuwauliza wenyeji.

Nilipoitazama bahari niliukumbuka mto wetu wa Ndembera. Maji ya mto huo hunywesha mashamba ya skimu ya Madibira. Yanayobaki huingia katika bonde la Ihefu, kisha mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kusini ya Dar es Salaam. Kumbe maji yanayopita katika mifereji yetu ni ndugu wa bahari ile!

Tena maji hayo hufanya kazi njiani. Huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera, iliyoanza kazi mwaka 1988. Huzungusha mitambo ya Kidatu, iliyoanza mwaka 1975. Halafu hufika katika Bwawa la Julius Nyerere, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Usiku ule, tukirudi Temeke, tuliziona taa za mji. Sehemu ya mwanga ule hutoka kwenye maji ya kwetu.

Lakini kuna jambo la kutia wasiwasi. Tangu mwaka 1993, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko na samaki hubaki katika madimbwi machache. Sababu moja ni maji mengi kuchukuliwa huku juu, mahali pengine hata shamba likiwa halina zao. Sisi wakulima hatuwezi kuacha kulima mpunga. Tunachoweza ni kufunga mlango wa maji shamba likitosheka, na kuziba mifereji inayovuja.

JUMATATU: SOKONI

Siku ya pili tulikwenda soko la Tandale, ambako mchele wa mikoani huuzwa. Tulitaka kujua mazao yetu hufikaje kwa mlaji.

Tuliona marundo mengi ya mchele. Mengine yaliitwa mchele wa Mbeya, na bei zake hazikuwa sawa. Tulimuuliza mama mmoja muuzaji sababu yake. Alichota mchele wa aina mbili, akaumwaga katika viganja vyetu. Wa kwanza ulikuwa na punje nzima, safi, wenye harufu nzuri. Wa pili ulikuwa na chenga nyingi na vijiwe vidogo. Wa pili bei yake ilikuwa ya chini.

Chenga hizo huanzia shambani kwetu. Mpunga ukichelewa kuvunwa hukauka mno na punje hupata nyufa. Ukianikwa kwenye jua kali bila kugeuzwa, hupata nyufa vilevile. Mashine ikiukoboa, punje huvunjika. Na vijiwe hutoka wapi? Hutokana na kuanika mpunga chini, juu ya udongo.

Tuliona jambo lingine. Sokoni pale mchele ulipimwa kwa kilo. Huku vijijini wengi wetu bado tunauza kwa gunia lililojazwa kupita kiasi, yaani lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Anayejaza kilemba juu ya gunia anagawa jasho lake bure. Mizani ndiyo rafiki wa mkulima.

JUMANNE: SAFARI YA KURUDI

Alfajiri tulikwenda kituo cha mabasi cha Magufuli, huko Mbezi. Tulibeba nazi, papa mkavu na kanga mbili. Tulipita Chalinze na Morogoro. Baada ya hapo barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Dereva alipunguza mwendo, nasi tukaona twiga na swala. Kisha tulipanda mlima Kitonga, tukaanza kusikia baridi ya kwetu. Tulifika Iringa, halafu Mafinga, tukalala hapo. Kesho yake tukashika njia ya Madibira.

Nazi na papa vimekwisha kuliwa. Lakini kuna vitu ambavyo havijaisha. Tumenunua turubai la kuanikia mpunga. Tumekubaliana na majirani kununua mizani moja kwa pamoja. Na zamu ya maji ikifika, tutafungua mlango kwa saa zetu tu, kisha tutaufunga.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi nenda ukatembee. Ukaione bahari, ukapumzike. Lakini siku zako za mwisho uzitumie kuuliza maswali, ili urudi na jambo litakalokusaidia wewe na wenzako kijijini.