Kindi Aliyepitiwa na Dege

Mvua za Elnino zilipofika kwetu Muheza mwishoni mwa 1997 zilikuja kama mgeni aliyebeba na kitanda chake. Barabara zilikatika, machungwa yakaozea shambani kwa kukosa lori la kuyafuata, na usiku mmoja wa Januari mwembe mkongwe nyuma ya jiko letu ukalala chini, mizizi juu. Kulipokucha tukatoka na mapanga kukata kuni. Kaka yangu ndiye aliyeona tundu kwenye tawi, na ndani yake, juu ya majani makavu, watoto wawili wa kindi. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa wa baridi, ila alipofungiwa kiganjani akaanza kutafuta chuchu kati ya vidole.

Bibi mzaa mama alitazama mara moja tu. “Mrudisheni mlikomtoa. Mnyama wa porini mnamlea leo, kesho anawaliza.” Lakini mlikomtoa palikuwa tayari kuni.

Tulimnywesha maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, tone kwa tone, usiku kucha kwa zamu. Mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka tisa, alishika zamu nyingi kuliko sisi wakubwa. Kufikia Machi kindi alikuwa mnyama kamili: mgongo wa kijivujivu, tumbo na mkia rangi ya kutu, na makelele yasiyolingana na umbo lake. Kaka alimtengenezea kizimba cha wavu wa kuku, tukakiweka sebuleni mbele ya dirisha la vioo, maana nje kulikuwa na paka wa jirani. Asubuhi jua lilipenya kioo likamwangukia mgongoni naye akajinyoosha. Tulijiona walezi hodari.

Chakula chake kilikuwa karanga, mahindi makavu, na korosho alizoleta mjomba. Ukiweka na kipande cha papai alikisukuma pembeni, akachagua karanga. Tulicheka. Tukasema ana akili, anajua kizuri. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile masikio yananiwaka.

Asubuhi moja ya Aprili nilimkuta chini ya kizimba, yeye ambaye hakulala chini hata siku moja. Alijaribu kuja kwangu kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikimfuata kama kamba. Halafu akakakamaa. Kichwa kikaenda nyuma, vidole vikajikunja, mwili mzima ukawa unatetemeka kwa kasi ambayo sikudhani kitu kidogo vile kinaweza. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Sijui yalipita dakika ngapi. Pengine hata moja haikutimia. Alipolegea alikuwa amejikojolea.

Nilipiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa bibi. Hakuuliza kitu. Alirudi chumbani kwake akaja na kaniki, akamfunika kindi mwili mzima. “Dege limempitia,” alisema. “Nyamazeni.”

Hapa inabidi nirudi nyuma, kwa sababu kaniki ile haikuwa mara yake ya kwanza kutoka sandukuni. Mwaka 1991 mdogo wangu, huyo huyo aliyekuwa akimnywesha kindi maziwa, alishikwa na homa akiwa na miaka miwili, na magharibi akakakamaa mikononi mwa mama. Kwetu hilo lilikuwa na jina moja tu: degedege. Ni lile dege la usiku, ambalo kivuli chake kikimpitia mtoto humpindua macho. Dawa zake zilijulikana: mtoto afunikwe, avukizwe kinyesi cha tembo, asipigwe sindano maana sindano na dege havipatani, itamuua. Bibi aliyafanya yote, kwa upendo na kwa utaratibu. Siku ya tatu baba alimchukua mtoto kwa nguvu hadi hospitali, wakakuta malaria imeshapanda kichwani. Alipona. Mguu wa kulia ulibaki mzito, na maneno yalichelewa mwaka mzima.

Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Baba na bibi waliendelea kula sinia moja, lakini kaniki ikaingia sandukuni na hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo asubuhi ile ilipofunuliwa tena, wote tulisimama tukiitazama kama nyoka. Jirani alichungulia mlangoni akasema huyo ana kichaa cha mbwa, lete fimbo. Mama alikuwa akitafuta la kusema. Mdogo wangu alipita katikati yetu akivuta mguu wake, akainua pembe ya kaniki, akasema, “Bibi, hapati hewa.” Akaikunja vizuri, akampa bibi mkononi. Bibi aliipokea.

Bahati ilikuwa kwamba bwana mifugo alikuwa mtaani siku hiyo. Wakati huo watu wengi kwetu walikuwa na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wa kufungiwa bandani, naye alizunguka kwa pikipiki akiwatibu. Kaka alimkimbilia. Alikuja akicheka njiani, maana hajawahi kuitwa kwa ajili ya kindi, lakini alipochuchumaa mbele ya kizimba aliacha kucheka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kwenye mkoba huo una dawa ya dege?”

Hakumjibu moja kwa moja. Alituuliza sisi watoto mambo matatu: anakula nini, anakaa wapi, jua anapata? La tatu tulilijibu kwa fahari, tukamwonyesha dirisha. Akakigonga kioo kwa ukucha. “Hiki kinawapitishia mwanga na joto. Ile miale inayotengeneza vitamini D ngozini inabaki huko nje.” Jirani wa fimbo alipotaja kichaa, bwana mifugo aliuliza tu: miezi mitatu yuko ndani ya nyumba, kang'atwa na nani?

Akasema amemwona mgonjwa kama huyu wiki iliyopita, ila alikuwa na pembe. Ng'ombe akishazaa, maziwa yanavuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuirudisha. Anatetemeka, miguu inamtupa, analala shingo ameigeuzia ubavuni, na asipowahiwa anakufa. Ugonjwa huo wanauita homa ya maziwa. Unatibiwa kwa chupa ya dawa ya kalsiamu kwenye mshipa, polepole, kwa sababu ukiiharakisha unausimamisha moyo.

“Ana joto sana, huyo ng'ombe?” bibi aliuliza.

“Hapana, bibi. Masikio yanakuwa ya baridi.”

“Sasa homa iko wapi?”

Bwana mifugo alifikiri kidogo. “Waliolitoa jina hawakumshika masikio.”

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ile kaniki. Nadhani ni kicheko hicho kilichofungua njia. Alikuwa amegundua kwamba hata watu wa mikoba nao huuita ugonjwa kwa jina lisilo lake.

Bwana mifugo hakuthubutu kumpiga kindi sindano. Alituachia mabaki ya dawa ile ya ng'ombe, tuichanganye na maji na sukari kidogo, matone machache kila baada ya saa kadhaa, na kamwe tusimtie kitu mdomoni akiwa amekakamaa kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Kizimba kiwe chini na chenye matambara, kwani mifupa imelainika na akianguka itavunjika. Karanga basi.

Alikakamaa mara mbili zaidi siku ile, mara moja usiku, halafu hakurudia tena. Miguu ilichukua wiki.

Bibi alitaka kumpa mchicha, bwana mifugo akasema kalsiamu ya mchicha kwa sehemu kubwa hainyonywi mwilini. Majani ya mlonge ni bora. Mlonge ulikuwa ua wetu mzima na hakuna aliyewahi kufikiria kumpa kindi. Maganda ya mayai yalioshwa, yakakaangwa kidogo, yakatwangwa. Kila asubuhi mdogo wangu alikitoa kizimba uani, akakaa kando yake na fimbo ya kumfukuzia paka, wote wawili juani.

Miaka mingi baadaye nilikutana na jedwali la virutubisho, nikatafuta yale tuliyokuwa tukimlisha. Gramu 100 za karanga zina takriban miligramu 90 za kalsiamu na fosforasi karibu miligramu 380. Korosho, kalsiamu haifiki 40 na fosforasi inakaribia 600. Mahindi makavu, kalsiamu 7 kwa fosforasi 210. Mnyama kama yule anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na ikizidi ni heri. Ikipungua, mwili unakwenda kukopa kwenye mifupa. Mkopo nao ukikauka, damu inapungukiwa, na mishipa ya fahamu, ambayo hutulizwa na kalsiamu, inaanza kufyatuka bila kuamriwa. Huko mitini angekuwa anatafuna machipukizi, magome na wadudu, kutwa juani. Sisi tulimpa sikukuu kila siku.

Septemba tulikiacha kizimba wazi. Alikwenda kwenye milonge, akarudi jioni, akaenda tena. Kwa miezi kadhaa tulimtambua kwa mguu wa nyuma uliopinda na kwa kelele zake. Bibi alimmwagia maganda ya mayai chini ya mti pamoja na kuku, na hadi mwisho alimwita yule mwenye dege. Hakulibadilisha jina.

Mwaka 2003 mtoto wa jirani yule yule wa fimbo alishikwa na homa akakakamaa mchana. Nilikuwa nyumbani likizo. Bibi alimvisha kaniki kiunoni kama kawaida yake, akamweka kwenye mapaja, na akaanza kutukemea: kwa nini hatujasimamisha gari? Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama katikati ya barabara, mbele ya lori la machungwa, mkono juu. Dereva akafunga breki.

“Dege limempitia,” bibi alimwambia, akipanda na mtoto. “Hospitali, mwanangu, haraka.”