Rili ya Dola 200 na Maji ya Chumvi

Baridi imeshaanza kubisha hodi lakini bado haijaingia ndani.

Leo nazungumzia mashine ya kuvulia samaki. Najua kuna watakaocheka, jamaa kavuka bahari nzima kwenda Marekani halafu anatuandikia habari za ndoana. Lakini habari zimefika Tanga kwamba nina mtambo wa kuvulia wa dola 200, na shangazi yangu akauliza mbele ya watu, tena kwa haki yake kabisa, kwamba kama kuna dola 200 za kutupa baharini, bati za nyumba ya bibi zinasubiri nini? Swali la mkubwa halijibiwi kwa ujumbe wa simu wa maneno mawili. Shangazi, shikamoo. Jibu ni hili, na kwa sababu mdogo wangu naye ameniomba nimtumie mtambo kama huo, wote wawili nawajibu humu humu.

Kwanza tuelewane mtambo wenyewe ni nini. Nyumbani tunavua kwa mshipi wa mkono, chubwi na ndoana, basi. Mkono ndiyo mashine. Huku pwani ya Atlantiki ufukwe ni mchanga mtupu, mawimbi yanapasuka mbali, na mara nyingi samaki wanapita nyuma ya mawimbi hayo. Kama huna chombo, unasimama ufukweni na fimbo ya futi 10 au 11 na unarusha chambo kwa nguvu zako zote. Sasa mshipi lazima utoke haraka bila kujifunga, na urudi ukiwa umekunjwa vizuri. Kazi hiyo ndiyo ya rili. Ina spuli, yaani kile kikombe ambacho mshipi umezungushiwa, nayo wakati wa kurusha haizunguki, mshipi unateleza tu juu ya ukingo wake kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo. Na wala si mfano wa kubahatisha. Aliyeisajili aina hii Uingereza mwaka 1905, Illingworth, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, na wazo alilitoa kwenye vibiringo vya nyuzi.

Ndani kuna gia, beringi, na breki. Breki ni washa zilizopangwa chini au juu ya spuli. Samaki akivuta kuliko nguvu ya mshipi, breki inaachia kidogo kidogo ili mshipi usikatike. Ukivua kwa mkono kazi hiyo unaifanya kwa vidole, na makovu yake mnayajua.

Samaki tunayemfuata huku wanamwita straipa. Ana rangi ya fedha na mistari myeusi saba au minane ubavuni. Kila vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi, anashuka kutoka kaskazini akipita pwani ya New Jersey, akiwafukuza samaki wa jamii ya dagaa papa. Ni mnyama mkubwa huyu. Mwaka 1982 kule Atlantic City mtu alimkamata mmoja wa kilo 35 na nusu akiwa amesimama kwenye gati la mawe, usiku wa dhoruba. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu mpaka 2011, alipopatikana mwingine wa kilo 37 huko Connecticut. Ila msidhani ninajaza friji. Tangu 2023 sheria ni samaki mmoja kwa siku, na lazima urefu wake uwe kati ya inchi 28 na 31. Mdogo unamrudisha, mkubwa pia unamrudisha, maana wakubwa ndio wazazi.

Aliyenifundisha haya yote ni jirani yangu, mzee wa Kireno. Mtaa wetu unaitwa Ironbound, Wareno walijaa hapa tangu zamani. Alikuwa fundi ujenzi, sasa amestaafu, Kiingereza chake na changu vilikuwa vinakutana katikati. Alipojua nimetoka mji wa bahari, Jumamosi moja alfajiri akanigongea mlango, tukaenda Sandy Hook, mwendo wa kama saa moja. Kule kuna mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1764, na ndio mkongwe kuliko yote inayofanya kazi hapa Marekani. Mnapouliza kwa simu kama sijisikii mpweke huku, ukweli ni kwamba miaka miwili ya kwanza nilikuwa mpweke sana. Kazi ya ghala usiku, kulala mchana, na jumapili ya kutazama dari. Harufu ya chumvi asubuhi ile ilinirudishia kitu nilichokuwa sijui kama nimekipoteza.

Rili ya mzee imevuka miaka 30. Imetengenezwa na kampuni ya Penn ya Philadelphia, iliyoanzishwa mwaka 1932 na mhamiaji kutoka Ujerumani. Rangi imebabuka, mkono wake umechakaa, lakini ukiizungusha inasikika kama saa ya ukutani. Kazini kwetu yuko kijana mmoja aliyeiona, akacheka, akanunua yake mpya inayong'aa kwa dola 30. Wiki ya sita ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Ya nane ikagoma kabisa. Hakuwa ameivunja. Bahari ilikuwa imeila kwa ndani.

Na hapa ndipo wenzangu wa pwani mnisikilize, maana nyie na chumvi mnafahamiana. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, tena haikai kimya, inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma unachodhani kimekauka kimelowa muda wote. La pili, rili ina metali tofauti zinazogusana, skrubu za chuma kisichoshika kutu zimeingia kwenye mwili wa alumini. Zikilowa maji ya chumvi zinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Unaona unga mweupe unatoka pembeni ya skrubu, na siku ukitaka kuifungua haitoki ng'o. La tatu ni mchanga. Punje za mchanga wa ufukweni ni ngumu kuliko alumini na shaba ya gia. Zikiingia ndani zinasaga kama tupa.

Nilipokuja kununua yangu, mzee alikwenda nami dukani, na hakutazama rangi hata kidogo. Alitazama mwili ni wa metali au plastiki, maana plastiki ikibanwa na samaki mzito inajipinda na gia zinaachana. Akatazama oili sili, zile raba za kuzuia maji kama za kwenye injini. Siku hizi viwanda vinaandika alama, IPX5, IPX6 na kuendelea. Msidanganyike nazo. 5 maana yake imepimwa kwa maji ya kurushiwa kwa bomba, 6 ni bomba la nguvu zaidi. Kuzamishwa ndani ya maji kunaanzia 7, nayo ni kina cha mita 1 kwa nusu saa. Na vipimo hivyo vya maji havihusu mchanga. Halafu raba nayo inazeeka. Kwa hiyo hata rili iliyozibwa vizuri namna gani inataka mtu wa kuitunza.

Utunzaji wenyewe hauna uchawi. Sheria ya kwanza ya mzee ni kwamba rili haigusi mchanga. Fimbo inasimamishwa kwenye bomba lililochomekwa ufukweni, hata ukiwa na samaki anarukaruka miguuni. Sheria ya pili, ikianguka mchangani usizungushe mkono wake mpaka umeisuuza. Kila mzunguko ni msasa.

Ukifika nyumbani, kabla ya chai, kabla ya kuoga, unakaza breki mpaka mwisho ili maji yasipenye kwenye washa zake, kisha unaimwagia maji baridi yasiyo na chumvi, polepole kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Watu wengi wanaelekeza bomba la nguvu wakidhani ndiyo usafi. Nguvu ile inaisukuma chumvi iingie ndani ilikokuwa haijafika. Unaikung'uta, unaifuta kwa kitambaa, unaiacha kivulini ikauke. Ikishakauka unalegeza breki, maana washa zikikaa zimebanwa miezi mingi zinashikamana, na siku samaki akivuta, breki inaachia kwa mishtuko na mshipi unakatika.

Pale panapokufa kwanza ni kijigurudumu ambacho mshipi unapitia unapokunjwa. Kidogo kama kifungo cha shati, na kinapokea maji yote ya bahari yanayobebwa na mshipi. Tone moja la oili kila baada ya safari chache. Kikigoma kuzunguka, mshipi unajisugua juu yake na unachanika bila wewe kuona. Wanaotumia mshipi wa kusuka wajue pia kwamba unanyonya maji ya chumvi kama utambi, na yanakaa chini kabisa yakiila spuli. Spuli inachomolewa, mkitoa zile washa za breki zilizo ndani yake, na inalowekwa kwenye maji matamu kwa muda.

Mara moja kwa mwaka, Januari au Februari wakati samaki wamekwenda zao na theluji imefunga mlango, natandika taulo mezani na kuifungua yote. Kila kipande kinapangwa kwa mfuatano kilivyotoka, na simu inapiga picha kila hatua. Grisi ya zamani inafutwa yote, inapakwa mpya ya kuhimili maji ya bahari, nyingi kwenye gia, kidogo kwenye nyuzi za skrubu ili zisishikane na alumini. Beringi zinapata oili nyepesi. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu siziingizi ndani, kwa sababu zinaondoa grisi na zenyewe hazibaki.

Sasa shangazi, hesabu. Rili hii nimeinunua mwaka 2016. Dola 200 ukizigawa kwa miaka tisa ni kama dola 22 kwa mwaka, na mashine ipo, inazunguka. Ningenunua ya dola 30 kila msimu ningekuwa nimetumia 270 na nina ndoo ya vyuma chakavu. Pesa yenyewe ilitoka kwenye saa za ziada za wiki ya sikukuu, nilizofanya kwa ajili hiyo tu. Fungu la nyumbani halikuguswa mwezi ule wala mwezi mwingine, binamu anayepokea ni shahidi. Bati tumekubaliana zinanunuliwa kabla ya masika na ahadi hiyo iko palepale. Lakini sitasema uongo kwamba rili ni ya kuniletea kitoweo. Samaki mmoja kwa siku si biashara. Naishika kwa sababu bila zile asubuhi za ufukweni sidhani kama ningeweza kuyabeba haya mengine yote, na kwenye hayo mengine yamo na ya bati. Hilo naomba nalo liingizwe kwenye hesabu.

Mdogo wangu, wewe sasa. Joto la Tanga na unyevu wake vinaharakisha kutu kuliko huku kwenye baridi, kwa hiyo haya yote kwako ni mara mbili. Usiseme huna bomba. Kata mbili za maji na kitambaa vinatosha. Ila angalia maji yenyewe yametoka wapi, maana visima vingi vya pwani vina chumvi, na kusuuza chumvi kwa chumvi ni kujichosha bure. Kinga maji ya mvua au tumia ya kunywa. Usiiache kwenye chombo juani, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi, na mafuta ya kula usiyapake kabisa, yanaganda kama gundi na kukusanya vumbi.

Ninakutumia rili ya mkono wa pili, ya metali, nzima kabisa, nimeifungua na kuipaka grisi mwenyewe. Inakuja na mtu anayesafiri Desemba, pamoja na bisibisi ndogo, kopo la grisi na washa za breki za akiba. Sharti langu ni moja. Kabla hujaipeleka Raskazone kuirusha, utanipigia simu ya video, utaifungua nikiangalia, utapanga vipande kwenye kanga ya mama, na utavirudisha vyote mahali pake bila kubakiza hata kimoja. Mzee wa Kireno amesema naye atakaa pembeni yangu kuangalia, na yeye si mpole kama mimi.

Nawasalimu wote. Nikimpata straipa wa kuonyesha, picha mtaiona.